Maganda Niliyoyalaza kwenye Siki

Mjomba Arvo Piirto si mjomba wangu wa damu. Ni mjomba wa mume wangu, Dale. Lakini nimeishi na ukoo huu miaka ishirini na tisa, nimepika kwenye misiba yao na nimeoga mvuke kwenye sauna zao, kwa hiyo namwita Mjomba, na asiyependa anyamaze. Sisi kwetu ni watu wa Cornwall, Uingereza, tulioletwa huku Michigan na migodi ya shaba, na wao ni Wafini walioletwa na migodi hiyohiyo. Migodi ilifungwa zamani. Tulichobaki nacho ni theluji, kanisa, na msimu wa kuwinda kulungu unaofunguliwa tarehe kumi na tano Novemba, siku ambayo hata shule haifundishi.

Arvo alikuwa fundi wa mabasi ya shule hadi alipostaafu. Ni mrefu, mkimya, amevaa shati lilelile la mistari tangu nimfahamu, au labda ana mashati kumi yanayofanana, sijawahi kuuliza. Anapima iliki ya nisu, ule mkate mtamu wa Kifini, kwa mizani ya kupimia baruti. Simsingizii. Marehemu mkewe, Lempi, ndiye alinionyesha: mizani ndogo ya shaba kwenye meza ya jikoni, na mume wake ameinama akidondosha iliki punje kwa punje, uso umekunjamana kama anatibu mgonjwa.

Mizani hiyo kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Kambi yetu ya mawindo iko ndani ya msitu, ng'ambo ya kijito cha Niemi, na katika kambi hiyo hakuna mtu anayenunua risasi dukani. Ukipiga risasi unaokota ganda lake la shaba. Ukifika mwezi wa nane, unayatia maganda yako kwenye kopo la kahawa, unaandika jina lako juu ya kipande cha karatasi ya gundi, na unaliweka kwenye kibaraza cha nyuma cha Arvo bila kubisha hodi. Yeye anang'oa fataki zilizokwisha, vile vikombe vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, anayanyoosha maganda kwenye mashine yake ya mkono, anaweka fataki mpya, baruti, na kichwa cha risasi. Mwanzo wa Novemba kopo linakungoja palepale. Hatumlipi. Tunamsukumia theluji na kumpelekea mguu wa kulungu, basi.

Ganda zuri la shaba hutumika mara saba au nane. Likichoka, au likiwa baya tangu kiwandani, hupasuka, na linapopasuka uso wako uko hapohapo, shavu limelala kwenye mti wa bunduki. Ndiyo maana Arvo alikuwa na waya mwembamba wenye ncha iliyokunjwa ambao aliuingiza ndani ya kila ganda, akiupapasa ukutani karibu na kitako, kutafuta mfereji ambao jicho haliwezi kuuona. Alichukua maganda matano matano mkononi, akayatikisa, akasikiliza. Lenye ufa hulia kama kikombe kilichopasuka. Lililomtia shaka alilibana kwa koleo hadi likawa bapa, asije mtu mwingine akalionea huruma.

Na alikuwa hana huruma na mtu. Hilo ndilo lililomfanya awe maarufu. Nakumbuka Gordy Lindquist, mpishi wa kambi, mtu mwenye tumbo na maneno mengi, alivyokuja kulalamika nikiwepo.

"Mzee, umenimaliza. Nimekuletea maganda arobaini, umenirudishia risasi kumi na tisa."

"Kumi na tisa ndiyo yaliyokuwa mazima."

"Na hayo mengine yalikuwa na nini?"

"Yalikuwa yameokotwa na wewe."

"Sasa mimi nitawinda na risasi kumi na tisa?"

"Unapiga kulungu mmoja kila miaka minne, Gordy. Zitakutosha mpaka ufe."

Gordy alicheka hadi akakaa chini kwenye ngazi. Hakuna aliyewahi kumkasirikia Arvo kwa neno lake la hapana, kwa sababu kila mtu aligawiwa sawasawa. Mchungaji alimwomba awe mzee wa kanisa, akaambiwa hapana kabla hajamaliza kahawa. Dale, ambaye Arvo alimlea kama mwanawe, alirudishiwa kopo zima mwaka mmoja kwa sababu aliyaacha maganda yakanyeshewa mvua.

Ni mimi peke yangu ambaye hakuwahi kuniambia hapana. Wakati huo sikuliona hilo. Nilidhani mambo yangu yote ni mazuri.

Lempi alifariki mwaka juzi, mwezi wa tano. Waliishi pamoja miaka arobaini na minane, na hawakujaaliwa mtoto. Baada ya mazishi Arvo alikuwa anakaa kwenye kiti cha jikoni akiangalia barabara, na ukimuuliza kama amekula anajibu kwamba hajui. Niliogopa kwamba atamfuata mkewe. Kilichomwinua, nasema kweli, ni makopo ya mwezi wa nane. Yalianza kujipanga kwenye kibaraza, moja, mawili, hadi tisa, na asubuhi moja nilipompelekea supu nikamkuta amesimama penye meza yake ya kazi, miwani imeshuka puani, anatikisa maganda mkononi na kusikiliza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Dale, "Mjomba amerudi." Nililia kidogo pia, kwa furaha.

Wakati ule shaba ilikuwa imeadimika. Rafu za duka la mjini zilikuwa tupu, na Arvo alilalamika kwamba maganda ya kambi yamezeeka pamoja na wenyewe, na yake mwenyewe ndiyo mabaya kuliko yote kwa kuwa alikuwa amewagawia wengine yale mazuri. Nikalihifadhi neno hilo. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa mwezi wa tisa, ya kwanza bila Lempi, na nilikuwa nimeshaapa kwamba haitapita kimya.

Kwenye gulio la uwanja wa maonyesho nikamwona mtu mmoja, si wa huku, ameweka mifuko ya maganda nyuma ya pikapu yake. Nikamuuliza kama ana ya thelathini-sifuri-sita, kipimo cha bunduki zetu, akasema anayo, mia moja na sitini, hayajawahi kutumika. Kitakoni yalikuwa na chapa ya nyota ambayo sijawahi kuiona. Yalikuwa yamefifia na kuwa na madoa, lakini mimi nilikuwa nafikiria masufuria. Mwanamke anayejua kung'arisha sufuria ya shaba anaogopa madoa gani?

Nikachukua maganda mia moja nikayatumbukiza kwenye beseni la siki na chumvi. Wengine wanasema dakika kumi zinatosha. Mimi niliyalaza usiku kucha, kwa sababu nilitaka yang'ae kuliko ya mtu yeyote. Asubuhi yalikuwa yamependeza ajabu, yana wekundu fulani wa waridi chini ya ule mng'ao. Nikayafuta moja moja kwa shati la zamani la Dale na kuyapanga kwenye bati la biskuti juu ya kitambaa. Yale sitini yaliyobaki niliyaacha kwenye mfuko gereji, nikisema nitayafanya nikipata nafasi.

Nilimpelekea na keki. Arvo alifungua bati, akatoa ganda moja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama kitako. Akachungulia ndani. Akachukua lingine. Nikaanza kuchezea mkoba wangu.

"Umeyafanya wewe mwenyewe, Roz?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkono."

"Yote mia?"

"Yote. Hayakupendezi?"

Alifunika bati polepole. "Yanang'aa sana," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo. Niliendesha gari kurudi nyumbani nikiimba.

Wiki za Oktoba, jioni jioni, nilikuwa nasikia mlio mmoja au miwili ya risasi kutoka nyuma ya sauna yake, maana tumetenganishwa na shamba moja tu la majani. Nikawa namwambia Dale, "Hizo ni zangu hizo." Naye ananijibu, "Ndiyo, mama, tumesikia."

Ikafika tarehe kumi na tano. Dale alikuwa amesahau kopo lake nyumbani, juu ya friji, jambo ambalo sikushangaa nalo. Kule kambini kuna rafu juu ya jiko ambapo kila mtu huweka sanduku lake la risasi, na kila sanduku pale limetoka mkononi mwa Arvo. Hakuna anayeuliza. Dale akanyoosha mkono gizani kabla ya alfajiri, akachota risasi tano kwenye sanduku la mjomba wake, akaenda zake kukaa mtini.

Kulungu dume akatokea saa mbili kasoro. Dale akapiga. Ganda likapasuka, na moshi wa moto ukamrudia usoni kupitia mlango wa bunduki. Miwani yake ndiyo iliyomuokoa. Kioo cha kulia kilikuwa kimejaa chembe ndogo za shaba, shavu lilivuja damu hadi kwenye kola, na kwa jicho hilo aliona ukungu siku nne. Daktari alisema bila miwani tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Yaliyotokea kambini nimesimuliwa na Gordy. Walimleta Dale, wakamwosha uso, wakaichukua bunduki na kuling'oa ganda lililopasuka. Wakamkabidhi Arvo. Alilishika kiganjani.

"Ni mimi," akasema. "Niliyapitisha na sikuona ufa. Macho yangu yamekwisha."

"Mzee, hutokea," Gordy akamwambia.

"Kwangu halijawahi kutokea."

Akalitia ganda kwenye mfuko wa shati, akaketi kitandani hadi walipomwendesha kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Wangemtukana kidogo, au Gordy angemtania tu, angejua bado ni mwenzao. Lakini wote walikuwa wapole. Walimpigapiga begani kama unavyompiga ng'ombe anayepelekwa kuuzwa.

Majira ya baridi yakapita. Arvo aliifunika mashine yake kwa shuka. Nilimpelekea chakula kila Jumapili na alikula chote, na aliongea na mimi kwa adabu ileile, lakini ndevu alizinyoa siku ya kanisa tu, na baadaye hata kanisani akaacha kwenda. Iliki ikaisha kwenye kopo na hakununua nyingine. Mwezi wa nane wa mwaka jana ulipofika, nilipita kwenye kibaraza chake kila siku kuangalia. Hapakuwa na kopo hata moja. Wanaume wa kambi walikuwa wameagiza risasi za dukani kimyakimya, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Siku ya kumi nikamkuta Arvo amesimama nyuma ya pazia la jikoni, anaangalia pale pale ninapoangalia mimi.

Wiki iliyofuata akampigia Dale simu. Alitaka mashine ichukuliwe, na mizani, na kila kitu, apewe kijana yeyote wa mji wa Marquette anayetaka. Dale alikuwa kazini, kwa hiyo nikaenda mimi na maboksi.

Alikaa jikoni nikiwa napakia. Hakutaka kuona. Nilifunga mashine, nikafunga mizani kwa taulo, nikaanza kutoa vitu kwenye droo: koleo, waya, kalamu nyekundu, na kule nyuma kabisa kitambaa cha pua cha Lempi kimefungiwa kitu ndani. Nikakifungua. Lilikuwa ganda lililompasukia Dale, limechanika kutoka shingoni hadi karibu na kitako. Sikuwa nimewahi kuliona. Nikalipeleka dirishani.

Pale lilipochanika, shaba ilikuwa ya rangi ya waridi. Kitakoni palikuwa na nyota.

Nilikaa kwenye kigoda chake. Baadaye nikasimama nikaenda jikoni na lile ganda kiganjani, na nikaliweka mezani mbele yake.

"Mjomba, hili ni langu."

Hakuliangalia. "Lirudishe kwenye droo, Roz."

"Ni la beseni langu. Niliyalaza kwenye siki usiku mzima. Si macho yako. Ni mimi niliyetaka kumpofusha mume wangu."

"Hukutaka kumpofusha mtu."

"Ulijua?"

Alikizungusha kikombe chake kwenye sahani. "Nilijua siku ile ile uliyoyaleta. Yalikuwa mabaya kabla hujayagusa. Ukuta mnene huku, mwembamba huku. Tundu la moto, la kupitishia cheche ya fataki, limetobolewa pembeni kama aliyetoboa alikuwa amelewa. Siki ikamalizia. Siki ikikaa sana inakula shaba, inaacha hiyo rangi."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Gordy ungemwambia. Mchungaji ulimwambia. Dale ulimrudishia kopo zima kwa sababu ya mvua."

"Wao hawakukesha wakinifutia maganda."

Akaendelea, polepole, kama mtu asiye na mazoea ya kuongea. Alisema themanini na tatu aliyabana usiku uleule na kuyazika kwenye majivu ya sauna ili nisiyaone. Kumi na saba yaliyokuwa na nafuu aliyatia baruti kidogo sana, akayawekea alama nyekundu, akawa anapiga kisiki nyuma ya sauna jioni. Nilipomuuliza kisiki kilimkosea nini, akasema, "Ili usikie. Ili ujue nayatumia." Zile zilizobaki akaenda nazo kambini azimalizie kwenye shimo la mchanga wakati wenzake wako msituni, na sanduku akaliweka kwenye rafu pamoja na mengine.

"Alama nyekundu naijua mimi tu," akasema. "Dale angejuaje?"

"Na ukawaambia ni macho yako. Karibu mwaka mzima umewaacha wakuone kipofu."

"Ningesema nini? Kwamba mke wa Dale ndiye aliyemchoma Dale? Ungekaaje na watu hawa?"

Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinipanda zote pamoja na mapenzi, sijui hata kuzitenganisha. Nikamwambia kwamba nitakwenda sasa hivi kumwambia kila mtu, na mashine hii haiendi Marquette, macho yake ni mazima na makopo yatarudi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Waambie ukitaka. Mashine iondoe."

"Kwa nini? Si umesema macho yako hayana shida."

"Macho hayana shida." Akainua uso. "Roz, niliyajua kuwa mabaya nikayapakia. Kwa sababu nilishindwa kukutazama usoni nikakwambia hapana. Mtu wa hivyo asipakie risasi za watu. Afadhali kipofu, kipofu wanamjua."

Nilimwambia Dale jioni hiyo, mezani. Aligusa kovu lake la shavuni, kisha akasema, "Miaka ishirini na minane nilikuwa nasubiri jambo moja ulilokosea, nimelipata na lina ukubwa wa kutosha." Huyo ndiye mume wangu, na nilimshukuru. Nikampigia na Gordy. Gordy alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka ghafla, maana alikuwa amekumbuka walivyompigapiga Arvo begani. Akataka kupeleka kopo lake usiku uleule. Nikamkataza. Arvo alikuwa ameshasema kinachomsumbua, na hakikuwa Gordy.

Kesho yake mchana nilichukua ule mfuko wa gereji, wenye maganda sitini ambayo sikuwahi kuyagusa. Nikairudisha mashine mezani kwake mwenyewe, maboksi yote, bila kumuomba ruhusa. Nikamimina maganda mbele yake, nikamwekea koleo upande wa kulia na waya upande wa kushoto, nikavuta kigoda nikakaa mkabala naye.

"Nimekuletea maganda," nikasema. "Nataka unipakie."

"Roz, acha mchezo."

"Sichezi. Hii ndiyo shaba niliyonayo. Dale atawinda nayo mwezi wa kumi na moja. Angalia."

Alijua ninachofanya. Yeye si mjinga. Alichukua la kwanza taratibu, akalitazama, akatia waya.

"Hili si baya sana," akasema. "Likipashwa shingo moto labda..."

"Mjomba. Niangalie usoni. Litafaa bunduki ya Dale?"

Upepo ulikuwa unagonga mlango wa kibaraza. Nikaogopa kwamba nimemvunja mzee wa watu kwa ukaidi wangu. Kisha akaniangalia. Macho yale ya samawati, ambayo kambi nzima ilisema yamekwisha, yalinitazama sawasawa.

"Hapana," akasema.

"Lina nini?"

"Ukuta wa upande huu mwembamba." Akalibana kwa koleo. Mlio wake ulikuwa mdogo tu.

La pili: tundu la moto limekaa pembeni. Hapana. La tatu: shingo ina mkunjo. Hapana. La nne alilitikisa na la tano, yote mawili yakalia kama yenye ufa. Hapana na hapana. Mpaka la kumi sauti yake ilikuwa inatoka kwa shida, na kila mara alinitazama kwanza kama anayeniomba radhi. La ishirini hakuniomba. La thelathini alianza kukasirika, lakini kwa ile hasira yake ya zamani, ya kazi.

"Nani aliyekuuzia takataka hizi?"

"Mtu mmoja gulioni."

"Na wewe ukamwamini? Angalia hiki kitako. Fataki hapa itacheza kama jino la mtoto. Ulikuwa umefumba macho?"

"Nilikuwa naangalia madoa."

"Madoa," akasema kwa dharau, akabana. "Madoa hayajawahi kuua mtu. Hapana."

Nilipokea. Kila moja. Sikudhani kwamba mtu anaweza kufurahi anapoambiwa vitu vyake ni vibovu mara arobaini, arobaini na tano, lakini nilifurahi, na nilikuwa nafuta machozi kwa ncha ya sweta bila kuficha.

Likabaki moja. Alilitia waya, akalizungusha. Akalitia tena. Akalichungulia kwenye mwanga, akalipima kwenye mizani, akalipima mara ya pili. Nilijua anatafuta kosa na hajalipata, na sikujua kama ni kweli halina kosa au amenionea huruma mwishoni.

"Hili zima," akasema.

"Kweli?"

"Shika waya. Papasa mwenyewe."

Nilipapasa. Lilikuwa laini pande zote, hata mimi niliweza kujua. Tundu lilikuwa katikati kabisa. Katika maganda mia moja na sitini niliyomnunulia kwa mapenzi, moja lilikuwa zuri. Nilimrudishia na nikangoja aliweke kando, alihifadhi, anipe hilo moja niende nalo nyumbani.

Arvo aliliweka kwenye koleo.

"Limetoka mfuko mmoja na yale," akasema. "Hapana, Roz." Na akalibana, akiniangalia usoni.

Baadaye alizoa vipande vyote kwa kiganja akavitia kwenye ndoo, akafuta meza kwa kitambaa, na akaanza kuifunga mashine mezani kwa bolti zake bila kuniambia kitu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Mwambie Dale alete kopo lake kabla ya mvua. Na huyo Gordy pia."